Jinsi ya kununua hisa za kampuni za simu za satelaiti ukiwa Mombasa na anwani yako ni sanduku la posta

Kuchagua hisa kulinichukua jioni moja na vikombe viwili vya kahawa tungu. Kuthibitisha kwamba naishi ninapoishi kulinichukua wiki saba. Kwa hivyo penye wepesi nitapita mbio, na pale nilipoungua nitakaa kitako. Mimi si mshauri wa fedha, ni wakala wa meli tu, na pesa niliyoweka ni ile ambayo ikizama nitalala.

Kwanza jua unanunua nini

Kampuni hizi nilizijulia kazini, bandari ya Kilindini. Kwa miaka mingi, meli ikitaka mawasiliano ya dharura ya satelaiti yanayotambuliwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, mlango ulikuwa mmoja: Inmarsat, iliyoundwa 1979 kwa ajili ya usalama wa mabaharia. Mwaka 2018 IMO ikaitambua na Iridium, na huduma yao ikaanza mwishoni mwa 2020. Nilipoanza kuona mitambo ya kampuni zote mbili kwenye meli ninazozihudumia, nikajiambia kwamba hapa pana vita, na mimi nataka kiti cha kutazamia.

Sasa, Inmarsat yenyewe huipati sokoni. Viasat ya California iliimeza Mei 2023, kwa hivyo anayeitaka Inmarsat hununua Viasat, na humo ndani hupewa madeni ya Viasat na biashara yake ya intaneti ya ndege bila kuulizwa. Alama yake Nasdaq, soko la hisa la New York, ni VSAT. Iridium ni IRDM na Globalstar ni GSAT. Thuraya, ambayo kwa Kiarabu ndiyo kilimia chetu na ambayo manahodha wengi wa mwambao wanaijua kuliko hizo nyingine zote, imo ndani ya Space42 na huuzwa Abu Dhabi. Huko utatakiwa namba ya mwekezaji ya soko lao. Kama una ndugu Ghuba muulize yeye, mimi nguvu ziliniishia New York.

Kabla ya kutoa shilingi, elewa tofauti ya Iridium na Globalstar, maana bei zao hazipandi na kushuka kwa sababu zilezile. Iridium ina satelaiti 66 kwenye kilomita 780 hivi, na hupasiana mawasiliano zenyewe kwa zenyewe angani, ndiyo maana simu yake hushika hata katikati ya bahari au kwenye ncha ya dunia. Satelaiti ya Globalstar iko juu zaidi, kilomita 1,414, lakini kazi yake ni ya kioo: lazima ikuone wewe na ione kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Pasipo na kituo karibu, hamna simu. Kilichoiokoa ni Apple. Ujumbe wa dharura wa iPhone 14 ulioanza Novemba 2022 hupita kwake, na mwaka 2024 Apple ilikubali kuweka kama dola bilioni 1.5, pamoja na kuchukua asilimia 20 ya biashara. Ukinunua Globalstar, kwa kiasi kikubwa umenunua hali ya moyo ya mteja mmoja.

Na usisahau kwamba zote mbili zimewahi kufilisika. Iridium ya kwanza ilianza biashara Novemba 1998, na Agosti 1999 ikawa mahakamani. Mtambo uliogharimu kama dola bilioni 5 ukauzwa kwa dola milioni 25. Globalstar ikafuata 2002. Kuna wanaosema ukinunua hisa za washindani wote huwezi kupoteza, kwa kuwa mmoja lazima ashinde. Hilo lingekuwa kweli kama mshindi angetoka ndani ya zizi. Mwaka 2025 SpaceX, wenye Starlink, ilikubali kununua masafa ya redio ya EchoStar, kampuni nyingine ya Marekani, kwa takriban dola bilioni 17 ili ifikie simu za kawaida moja kwa moja, na huyo si mmoja wa hawa watatu.

Dalali

Hapa ni fupi. Dalali wa Marekani mkague kwenye BrokerCheck, daftari la mtandaoni la FINRA, wasimamizi wa madalali wa huko. Programu ya simu inayojinadi kuwa ya hapa Kenya, itafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekupigia simu yeye, au aliyekuingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye picha za magari, mkague kwa kukata simu. Wasomaji wa Tanzania, waulizeni benki zenu kwanza kuhusu kanuni za fedha za kigeni, kwenu si huria kama kwetu.

Kitambulisho, pini ya KRA, picha ya uso: haya unayajua. Andika majina yote matatu kwa mpangilio uleule wa kitambulisho, hata kama mtaani hakuna anayelijua hilo la katikati.

Uthibitisho wa makazi, au mahali nilipozeeka

Wanataka karatasi isiyozidi miezi mitatu, yenye jina lako na mahali unapolala. Sanduku la posta hawalitaki. Keti ufikirie: ni karatasi gani uliyonayo isiyokuwa na S.L.P.?

Nilianza na taarifa ya benki. Ina jina langu, ina muhuri, na ina S.L.P. ya Mombasa. Ikakataliwa ndani ya dakika kumi. Nikageukia stima. Sisi hununua tokeni, bili haiji, na mita imesajiliwa kwa jina la babake mwenye nyumba, Mungu amrehemu, aliyefariki kabla sijahamia. Maji hunijia kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni hatoi risiti.

Nikaenda kwa chifu. Mara ya kwanza yuko kwenye baraza. Mara ya pili yupo, lakini nahitaji kuja na mzee wa mtaa wa kunishuhudia. Mara ya tatu nimekuja na mzee wa mtaa, chifu yuko mkutanoni kwa naibu kamishna wa kaunti. Mara ya nne barua ikaandikwa, ya Kiswahili safi kabisa, ikapigwa muhuri uliokaribia kukauka wino. Nikaituma. Jibu likaja baada ya siku sita: tafadhali leta tafsiri ya Kiingereza. Nikailipia tafsiri. Siku nane tena: muhuri hausomeki.

Kilichokubaliwa mwishowe kilikuwa benki ileile niliyoanzia. Kumbe kwenye mfumo wao kuna mstari wa pili wa anwani ambao karibu kila mtu huuacha mtupu. Kijana wa dirishani aliniambia mfumo haukubali. Mama mmoja wa meza ya nyuma, aliyekuwa akila mahamri, akamwambia ashuke chini kidogo kwenye skrini. Wakaandika namba ya ploti, jina la barabara na mtaa, wakanichapia taarifa mpya na kuigonga muhuri. Dakika tano. Nikajibiwa siku iliyofuata kwamba nimekubaliwa.

Basi fanya hivi. Toa namba ya ploti kwenye mkataba wako wa kupanga. Huna mkataba? Mwombe mwenye nyumba aandike mmoja, wenye sahihi zenu wawili. Nenda benki na mkataba huo, uombe makazi yako yajazwe kwenye mstari wa pili, kisha uombe taarifa ya miezi mitatu yenye muhuri. Usikubali kuambiwa urudi kesho kabla hujaomba kuzungumza na msimamizi. Na anwani hiyo uinakili herufi kwa herufi kila mahali, kwa sababu "Brb." na "Barabara" kwa mtu wa mbali ni nyumba mbili.

Fomu ya W-8BEN

Hii ndiyo unayoitangazia serikali ya Marekani kwamba wewe si raia wala mkazi wao. Ni ya ukurasa mmoja na inaonekana mchezo. Mstari wa 3 ni makazi: hapo tena sanduku la posta ni marufuku. S.L.P. yako iweke mstari wa 4, wa barua, hapo haina ubaya. Mstari wa 6 una nafasi ya namba ya mlipakodi ya nchi yako, weka pini ya KRA.

Mstari wa 8 ndio ulionimaliza. Tarehe ya kuzaliwa huko huanza na mwezi. Mimi nimezaliwa tarehe 4 Novemba, nikaandika 04-11 kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa darasa la pili, na Wamarekani wakanihamishia Aprili. Haikulingana na kitambulisho, akaunti ikafungwa siku kumi na mbili "kwa uchunguzi".

Sehemu ya II, ya mkataba wa kodi, iache tupu. Kenya haina mkataba huo na Marekani, na ukijaza jina la nchi hapo kwa kuona nafasi ipo, umejitafutia barua. Maana yake ni kwamba gawio lako, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, litakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Iridium ilianza kutoa gawio 2023, kwa hivyo kila dola 10 utaona 7. Globalstar na Viasat hazitoi, na hapo angalau hakuna cha kukatwa. Faida ya kuuza hisa, kwa asiye mkazi, Marekani kwa kawaida haiitozi, ila usipowasilisha fomu dalali anaweza kukata asilimia 24 hata kwenye mauzo. Ya KRA yetu ni hesabu nyingine, zungumza na mhasibu.

Kutuma pesa

Nilituma kutoka akaunti ya ofisi yetu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na dola. Dalali hapokei pesa ya mtu mwingine, na kwake kampuni yangu ni mtu mwingine. Zikarudi baada ya siku tisa, zimekatwa ada kwenda na ada kurudi. Tuma kutoka akaunti yenye jina lako mwenyewe, jina lilelile la majina matatu. Kwenye fomu ya benki, pale pa kuchagua nani abebe gharama, OUR ina maana utalipia wewe hapa, na SHA ina maana benki za njiani nazo zitadokoa. Ukituma kiasi kidogo, mdokoo unaonekana kwa macho. Namba ya akaunti yako kwa dalali iwe kwenye sehemu ya maelezo, na uhakikishe karani ameiandika, usimwamini anapokuambia "iko".

Kununua

Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu na kufungwa saa tano usiku. Wao wakirudisha saa zao nyuma Novemba, kwetu husogea hadi saa kumi na moja na nusu. Tumia oda ya bei uliyoiweka wewe, si ya bei yoyote itakayokutwa. Hizi si hisa tulivu, habari moja ya Apple huzirusha kabla hujamaliza futari. Na ukikuta maandishi ya zamani yakisema Globalstar ni dola moja na kidogo, usidhani umechelewa karamu: Februari 2025 waliunganisha kila hisa 15 kuwa moja. Ukinunua leo, hisa huwa zako rasmi siku ya kazi inayofuata.

Kwa wenye mfuko mnene: mali za Marekani za mtu asiye mkazi zikizidi dola 60,000 siku anapofariki, warithi wana kodi ya kushughulikia. Mimi hilo halinikoseshi usingizi.

Fomu ya W-8BEN hudumu hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi. Lakini mambo yako yakibadilika hata fomu isiwe sahihi tena, una siku 30 za kuwajulisha, na ukihama nyumba dalali atataka uthibitisho mpya wa makazi. Wiki iliyopita mwenye nyumba alinidokezea kwamba anapandisha kodi kuanzia Januari. Sikubishana naye.