Kuchagua Vyakula Vilivyochachushwa Ukiwa Umepunguza Wanga

Wanga wangu wa siku nzima hauzidi gramu 50, na hata katika hesabu finyu namna hiyo sikubali kuacha vyakula vichachu. Ninavipenda na tumbo langu linavipenda. Kinachonisikitisha ni kuona mtu aliyejinyima ugali na chapati akimaliza chupa nzima ya kinywaji kitamu kwa sababu tu kimeandikwa "kimechachushwa". Bakteria hula sukari, ni kweli, lakini si lazima waimalize. Kwa hiyo kila ninaposhika kopo jipya najiuliza mambo mawili: kabla ya kuchachushwa kilikuwa na sukari kiasi gani, na je, bakteria walipewa muda wa kuila?

Kabichi hujibu maswali yote mawili vizuri. Tangu mwanzo ina sukari kidogo, na ikikaa wiki kadhaa kwenye chumvi, sehemu kubwa ya sukari hiyo hugeuka asidi ya laktiki. Gramu 100 za kabichi chachu hubaki na wanga wa kama gramu moja na nusu, ukiondoa nyuzinyuzi. Kama unaanza leo, anza na hii. Kimchi, yaani kabichi chachu ya Kikorea yenye viungo, nayo haiko mbali, ila baadhi ya watengenezaji huchanganya viungo vyake na sukari au uji wa unga wa mchele, kwa hiyo soma viambato.

Kutengeneza kabichi chachu mwenyewe si kazi kubwa. Kwa kila kilo moja ya kabichi iliyokatwa nyembamba tia gramu 20 za chumvi (tumia mizani, maana vijiko havilingani). Isugue mpaka itoe maji, ishindilie kwenye mtungi wa kioo, kisha weka kitu kizito juu ili maji yaifunike yote. Kipande kinachochomoza juu ya maji ndicho huota ukungu. Mfuniko usiukaze sana, gesi ipate pa kutokea. Iache wiki mbili hadi tatu mahali pasipo joto kali, halafu iweke kwenye friji.

Ukinunua, tazama kama kuna siki. Mboga zilizolowekwa kwenye siki huwa chachu bila kuchachushwa, na mara nyingi hutiwa sukari. Zilizochachushwa kweli zinahitaji mboga, chumvi, pengine maji na viungo, basi. Kopo linalokaa rafuni bila friji kwa kawaida limepashwa moto na bakteria wake wamekufa. Wanga wake bado ni kidogo, lakini kama unatafuta bakteria hai, nenda kwenye friji.

Bakteria hao wana thamani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 36 waliogawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi walipata aina nyingi zaidi za vijidudu tumboni, na viashiria kadhaa vya uvimbe katika damu vilishuka. Ni utafiti mdogo, lakini kwangu ulitosha kuvipa nafasi kila siku.

Kwenye maziwa ndiko watu hupotea. Maziwa yana karibu gramu 5 za sukari kwa kila gramu 100, na mtindi wa kawaida hubaki na 4 hadi 5, kwa kuwa bakteria hula sehemu tu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mtindi uliochujwa ukawa mzito hupungua kidogo, maana laktosi nyingine huondoka na maji yake. Wenye matunda au vanila unaweza kufika 12 na kuzidi. Mimi siununui kabisa. Jibini ngumu iliyokomaa kwa miezi ina laktosi karibu sifuri, kwa hiyo hapo kula kwa amani.

Kombucha, yaani chai iliyochachushwa, inahitaji uangalifu mkali. Huanza na chai yenye sukari ya gramu 50 hadi 100 kwa lita, na wengi huisitisha mapema ili ibaki tamu. Usidanganyike na namba ya mililita 100: chupa ya mililita 330 yenye gramu 5 kwa kila mililita 100 inakupa zaidi ya gramu 16. Na mkate wa chachu ya asili bado ni mkate, karibu nusu ya uzito wake ni wanga.

Kuhusu lebo: za Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, hivyo unazitoa. Za Ulaya zimeshazitoa. Ukizitoa tena unajipunja ukweli.

Kitu kipya nakipima mwilini pia: sukari ya damu kabla ya kula, kisha saa mbili baadaye. Anayetumia insulini azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga, mwenye shinikizo la damu akumbuke chumvi iliyomo kwenye mboga hizi, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse natto, yaani soya iliyochachushwa ya Kijapani, kwa sababu vitamini K yake nyingi hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wengine wote waanze na kijiko kimoja au viwili kwa siku, waongeze taratibu tumbo likishazoea gesi.