Skripti ya dakika 90 kuhusu mwanzo wa harakati za haki za wapenzi wa jinsia moja: kazi ya mezani, hatua kwa hatua

Wengi wanaoandika filamu kuhusu mwanzo wa harakati hizi Marekani hukimbilia usiku wa machafuko ya baa ya Stonewall, New York, Juni 28, 1969: baa, polisi, chupa zinaruka, umati umejaa Mtaa wa Christopher. Picha zipo tele, lakini kwa mwandishi si mahali pazuri pa kuanzia. Umati hauna mtu mmoja wa kumfuata, na mtazamaji hawezi kuelewa hasira ile kama hajaiona miaka iliyoizaa. Miaka hiyo ilikuwa ya barua, taipureta, rufaa, na vikao vya sebuleni huku mapazia yamefungwa. Ushauri wetu mkubwa ni huu: anzia kwenye karatasi. Kila onyesho kubwa la skripti liwe na hati halisi nyuma yake.

Mwongozo huu umelenga kikundi cha waandishi au wanafunzi wa sanaa hapa Bagamoyo wanaotaka skripti ya Kiswahili iliyo sahihi kihistoria, inayosomeka mezani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sheria kwanza

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu na kabla ya kuionyesha kwa umma, na Bodi ya Filamu hupitia maudhui. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, bado inaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kwa sababu hiyo tunaishia kwenye skripti na usomaji wa ndani wa waandishi. Usibandike tangazo, usialike watazamaji, usirekodi. Ukitaka kwenda mbele zaidi ya hapo, muone mwanasheria kabla hujamuona mpiga picha.

Chagua mtu mmoja na miaka michache

Kosa linaloua skripti nyingi za kihistoria ni kutaka kubeba kila kitu, kuanzia Los Angeles ya 1950, kilipoanzishwa kikundi cha kutetea haki hizi cha Mattachine Society, hadi maandamano ya kwanza ya kumbukumbu ya Stonewall, Juni 1970. Miaka ishirini haitoshei kurasa 90. Chukua minane.

Tunapendekeza Washington, 1957 hadi 1965, na mtu wa kumfuata awe Frank Kameny. Alikuwa mwanaastronomia mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, mwajiriwa wa idara ya ramani ya Jeshi la Marekani. Mwaka 1957 alifukuzwa kazi kwa sababu ya kuwa mpenzi wa jinsia moja. Hakuwa peke yake: amri namba 10450 ya Rais Eisenhower, ya Aprili 1953, iliyahesabu mambo ya namna hiyo kuwa sababu ya mtu kutofaa kazi ya serikali, na watumishi wengi walikwishaondolewa kimyakimya. Kameny alikataa kuondoka kimya. Alikata rufaa ngazi kwa ngazi, na wakili wake alipoona hakuna njia tena, aliandika mwenyewe hati ya kuiomba Mahakama ya Juu isikilize shauri lake. Machi 1961 mahakama ilikataa. Novemba mwaka huohuo, yeye na Jack Nichols wakaanzisha Mattachine Society of Washington. Aprili 17, 1965, watu kumi walitembea na mabango mbele ya Ikulu ya Marekani.

Mstari huu unafaa kwa sababu kila hatua imeacha karatasi, na kwa sababu mhusika mkuu anashindwa. Mtu anayeshindwa kisha akaandika barua nyingine anabeba filamu vizuri kuliko anayeshinda kila kesi.

Kama kikundi chenu kinataka wanawake wawe katikati, nendeni San Francisco ya 1955. Wanawake wanane, Del Martin na Phyllis Lyon wakiwa miongoni mwao, walianzisha Daughters of Bilitis ili wapate pa kukutana nje ya baa zilizokuwa zikivamiwa na polisi, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida lao. Njia ya tatu ni Berlin ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyetetea haki hizi, kuanzia kamati yake ya 1897 hadi Mei 1933, taasisi yake ilipoporwa na vitabu vyake kuchomwa hadharani. Hirschfeld alishiriki kuandika filamu ya kutetea haki hizi mwaka 1919, naye mwenyewe akaonekana ndani yake. Ilizuiwa mwaka uliofuata, na leo vimebaki vipande tu. Kwa mtu wa Bagamoyo njia hii ina mvuto wake: watawala waliojenga Boma hapa walitoka katika dola ileile iliyokuwa na Kifungu cha 175 katika sheria zake, kilichoadhibu mapenzi kati ya wanaume. Ugumu ni kwamba nyaraka nyingi ni za Kijerumani.

Daftari la karatasi

Kabla ya kuandika neno moja la mazungumzo, chora daftari la safu nne: tarehe, hati, nani aliiandika, nani aliumia au alinufaika nayo. Kwa hadithi ya Kameny jaza angalau mistari 25. Hati yake ya 1961 kwa Mahakama ya Juu inasomeka kwenye intaneti. Isome yote, maana hasira yake imepangwa kwa hoja na si kwa matusi, na hiyo ndiyo sauti ya mhusika wako. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na baadhi ya mabango yaliyobebwa yako katika makumbusho ya Smithsonian.

Weka alama ya kalamu nyekundu kwenye tukio lolote ulilolipata mahali pamoja tu. Tukio la alama nyekundu laweza kuwa mandharinyuma, lakini lisiwe mhimili wa hadithi.

Kutoka hati hadi onyesho

Chukua hati moja ujiulize: ilipita mikononi mwa nani? Barua ya kufukuzwa kazi iliagizwa na mkubwa, ikapigwa chapa na karani, ikasainiwa, ikapelekwa, ikafunguliwa. Hapo una sehemu tano za kuweka kamera, na ile ya kawaida kabisa, ya mhusika kuifungua akalia, ndiyo dhaifu kuliko zote. Jaribu ya karani:

NDANI. CHUMBA CHA WAPIGA CHAPA – ASUBUHI
Washington, 1957. KARANI, miaka 50 hivi, anapanga karatasi mbili na kaboni katikati. Anapiga chapa mstari wa YAHUSU. Anasita. Anaisoma tena rasimu ya mkono. Anaendelea, kasi ileile. Anazichomoa karatasi. Nakala ya chini anaitia kwenye jalada lenye barua nyingine za namna hiyo.

Karani huyu ni wa kubuni, na hapa pana kanuni tunayoisimamia kwa nguvu: mtu wa kubuni anaruhusiwa kuona, kubeba, kupiga chapa, kufungua mlango. Haruhusiwi kufanya jambo ambalo historia inajua nani alilifanya. Ukimpa karani wako wazo la kuandamana Ikulu, umewanyang'anya watu halisi kazi yao.

Maneno ya ofisi yaandike kwa Kiswahili cha ofisi. Msomaji wetu anaijua barua yenye kumbukumbu namba, "YAH:", na "Napenda kukutaarifu kuwa". Anajua pia jinsi adabu hiyo inavyoweza kumvunja mtu. Usimpe afisa matusi. Mpe upole wa barua. Kwa upande mwingine, usipeleke salamu za pwani Washington. Hakuna shikamoo katika ofisi ile, na kijana hamwiti mkubwa wake "mzee". "Dokta", "bwana" na "bibi" vinatosha. Marafiki waitane kwa majina ya kwanza.

Jambo la majina linahitaji uangalifu. Wanachama wengi wa vikundi vile walitumia majina bandia, hata ndani ya vikao, kwa sababu orodha moja ikiangukia mikono ya polisi ilitosha kufukuzisha watu kazi. Kwenye skripti andika jina analolitumia mhusika katika onyesho hilo, na katika orodha ya wahusika mwanzoni weka majina yote mawili. Usipofanya hivyo, msomaji wa mezani atadhani ni watu wawili.

Onyesho la Ikulu

Hili lipe kurasa sita hadi nane, na usiharakishe. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Kichocheo kilikuwa habari kwamba Cuba ilikuwa ikiwapeleka wapenzi wa jinsia moja kwenye kambi za kazi; mabango yakauliza mbona Marekani nayo inawatesa wa kwake. Kameny aliweka masharti ya mavazi: wanaume suti na tai, wanawake gauni au sketi. Maandishi ya mabango yawe safi na yasomeke, na maneno yake yakubaliwe kabla. Lengo lilikuwa mpita njia aone watu wanaostahili kuajiriwa.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoharibu. Wanaongeza umati, polisi wenye virungu, waandishi wa habari wanaosukumana. Siku ile haikuwa hivyo: watu kumi walizunguka kwa mstari, na vyombo vya habari karibu vyote havikujali. Woga wao ulikuwa wa picha. Mtu akipigwa picha Jumamosi, Jumatatu huenda hana kazi. Kwa hiyo mhusika mbaya wa onyesho hili ni kamera ya mpita njia. Andika viatu, bango linaloinuliwa kidogo kuficha uso kisha linashushwa, gari linalopunguza mwendo. Mazungumzo yasizidi mistari kumi kwa ukurasa.

Mavazi yaandike kwa kipimo ili mtu wa mavazi asikisie: kola za koti nyembamba, sentimita 6 hadi 7, tai nyembamba pia, nywele za wanaume fupi. Nywele ndefu na suruali pana ni za miaka iliyofuata.

Julai 4 mwaka huohuo watu karibu 40 waliandamana Philadelphia, nje ya Independence Hall, na wakarudi kila mwaka hadi 1969. Ukihitaji onyesho la mwisho lenye watu wengi zaidi, hilo lipo tayari katika historia. Huna haja ya kulitunga.

Makosa yanayorudi kila mara

Bendera ya upinde wa mvua. Ilibuniwa San Francisco mwaka 1978. Ikionekana mwaka 1965, filamu nzima inapoteza imani ya mtazamaji anayejua.

Mtu aliyerusha wa kwanza Stonewall. Hakuna anayejulikana kwa uhakika, na Marsha P. Johnson, mwanaharakati anayetajwa mara nyingi, mwenyewe alisema alifika vurugu zikiwa zimekwishaanza. Usimteue shujaa. Vilevile acha ile hadithi kwamba yote yalitokana na mazishi ya mwimbaji Judy Garland ya siku iliyotangulia. Sababu ziko wazi zaidi: uvamizi wa polisi uliokuwa wa kawaida, na baa iliyoendeshwa na Mafia bila leseni ya pombe na bila maji ya bomba kaunta, ambako wateja walijua hawana mtetezi upande wowote.

Ushindi wa haraka. Kameny hakurudishiwa kazi yake. Tume ya utumishi ya Marekani ilibadili msimamo mwaka 1975, na serikali ilimwomba radhi mwaka 2009, miaka 52 baada ya barua ile. Maandishi ya mwisho kwenye kioo yaseme hivyo kwa mistari miwili, basi.

Wanawake kugeuzwa wapika chai. Barbara Gittings, aliyeanzisha tawi la Daughters of Bilitis New York, alibeba mabango katika maandamano ya 1965 na alikuwa mhariri wa jarida lao. Mpe hoja, na apingane na wanaume kikaoni.

Mpangilio wa ukurasa na usomaji wa mezani

Tumia Courier ya ukubwa wa 12. Pambizo ya kushoto sentimita 3.8, kulia 2.5, mazungumzo yaanze sentimita 6.4 kutoka ukingo wa karatasi, majina ya wanaosema 9.4. A4 ni ndefu kuliko karatasi ya Kimarekani, kwa hiyo ongeza pambizo ya chini hadi upate mistari kama 55. Hapo ukurasa mmoja utakaribia dakika moja. Lakini kukaribia si kupima, na mazungumzo ya Kiswahili yenye vyeo na sentensi za kiofisi hula muda. Ndiyo maana lazima yasomwe kwa sauti.

Wasomaji saba wanatosha: mmoja wa maelezo ya jukwaani peke yake, mmoja wa Kameny, watano wagawane waliobaki. Tafuteni chumba cha ndani, si baraza. Upepo wa baharini mchana unapeperusha kurasa na bodaboda zinakata sentensi. Anzeni baada ya Alasiri, na kwa kurasa 90 mtamaliza kabla ya Magharibi bila mtu kulazimika kuondoka katikati. Mshika saa aandike dakika chini ya kila ukurasa wa kumi. Msomaji asirekebishe sentensi njiani. Akikwama, apige mstari pembeni na aendelee. Sentensi aliyokwama mtu mmoja huenda ni ya kwake. Wakikwama wawili, ni ya mwandishi.

Nakala ziwe na namba badala ya majina ya wasomaji, na zikusanywe zote mwishoni. Simu zikae nje ya chumba. Hakuna mtu aombwe kueleza maisha yake ili "kuisaidia" skripti. Kazi hii inasimama juu ya nyaraka za Washington, na kila aliyekuja kusoma aondoke na faragha aliyokuja nayo.

Usomaji ukizidi dakika 100, anza kukata kwenye hotuba. Kwa kawaida rasimu ya kwanza ina maonyesho matatu au manne ambamo mhusika anaeleza haki ni nini. Bakiza moja, lile lenye maneno ya karibu zaidi na hati ya 1961. Namba za maonyesho ziwekwe baada ya makato hayo, si kabla, la sivyo mtarekebisha orodha ya maonyesho mara kwa mara bila faida. Kwenye jalada weka jina la skripti, namba ya rasimu na tarehe; kila mwandishi achague mwenyewe jina litakalochapishwa, na uamuzi huo ufanyike kabla nakala ya kwanza haijatoka kwenye printa.