Somo: Tanuri la udongo nyuma ya nyumba, bila simiti

Ukimwambia fundi wa mjengo hapa Nairobi unataka kujenga tanuri la udongo, atakuuliza kwanza umenunua mifuko mingapi ya simiti. Mwambie hakuna. Atacheka, kisha ukigeuka tu kwenda kuchukua chai atatia simiti kidogo kwenye udongo "ili ushike". Usimwachie. Simiti hushika kwa maji yaliyofungika ndani yake, na moto wa pizza, unaoweza kupitisha paa la tanuri nyuzi 400, huyafukuza maji hayo. Baada ya muda kuba huanza kumenyuka kwa ndani, na vipande vinaangukia mkate. Udongo, kinyume chake, hukomaa kwa moto.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu. Inahitaji watu wawili wasioogopa matope, wikendi kadhaa, na subira wakati wa kukausha. Jenga Januari au Februari, au ungoje Agosti na Septemba. Ukianza Aprili utashinda ukishikilia turubai.

Udongo

Hapa ndipo tanuri hufaulu au huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kuanzia Westlands kupanda Ruaka, Kiambu na Kikuyu, udongo ni mwekundu, na huo ndio tunaoutaka. Ukishuka Embakasi na Syokimau hadi Athi River unakutana na ule mweusi wa pamba, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Usiutumie hata ukipewa bure.

Chimba nusu mita kwenda chini, ambako hakuna mizizi wala mboji. Jirani anayechimba shimo la choo ni mtu wa kusalimiwa vizuri wiki hiyo. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya glasi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uiache hadi kesho. Mchanga utatua chini, udongo wa mfinyanzi utakaa juu, nawe utaona kwa macho una kiasi gani cha kila kimoja.

Kisha finyanga vitofali vidogo vya majaribio: kimoja cha udongo kipimo 1 kwa mchanga 1, kingine 1 kwa 2, kingine 1 kwa 3. Tumia mchanga wa mto, ule tunaouita wa Machakos, wenye chembe kali. Vikauke kivulini wiki nzima. Kilichopasuka kina udongo mwingi. Kinachopukutika ukikisugua kwa kidole kina mchanga mwingi. Mara nyingi utaishia 1 kwa 2 au 1 kwa 3, lakini fuata vitofali vyako, usifuate maneno yangu.

Msingi na sakafu

Jenga kizimba cha futi 4 kwa 4 kwa mawe ya kujengea ya Ndarugo, kimo cha kiuno. Hapa simiti ruksa, moto haufiki. Ndani jaza vifusi na ushindilie, ukiacha sentimita 20 hivi juu.

Nafasi hiyo usiidharau. Joto linaponyonywa na mawe ya chini, mkate wako unaiva juu na kubaki mbichi tumboni. Laza chupa tupu za glasi, zizungushie maranda ya seremala yaliyochanganywa na tope jepesi la udongo, na uache zikauke. Chupa za soda zina dipoziti, lakini zile za mvinyo na pombe kali wenye baa watakupa kwa furaha. Juu tandaza mchanga sentimita 5, upime kwa pimamaji, halafu panga matofali ya moto, yale yanayostahimili joto kali, yakibanana, bila kitu katikati. Usipoyapata, matofali mekundu ya kuchoma yaliyo magumu yatafaa. Pesa za mapambo ziweke hapa.

Kuba

Chora duara la upana wa sentimita 70 juu ya sakafu. Lundika mchanga wenye unyevu hadi kimo cha sentimita 40, uulainishe kwa ubao, kisha uufunike kwa kurasa za Taifa Leo zilizoloweshwa. Hilo gazeti ndilo litakalokuambia mahali pa kusimama ukitoa mchanga.

Changanya udongo na mchanga kwenye turubai, mkikanyaga kwa miguu, mkiinua pembe kuugeuza. Andaa debe saba hivi. Finya bonge la ngumi, liachie kutoka usawa wa kifua. Likitandaa, maji ni mengi. Likisambaratika, ni machache. Likibaki bonge lenye tumbo bapa, anza kazi.

Weka mabonge kuzunguka duara, unene wa sentimita 8 hadi 10, ukishindilia kwenda chini na kuelekea bonge la jirani, si kuelekea mchanga, la sivyo umbo litabonyea. Maliza kuba lote siku moja. Kesho yake, ukigusa kwa kucha na udongo ukapokea alama bila kushika kidole, kata mlango. Kimo chake kiwe asilimia 63 ya kimo cha ndani, yaani sentimita 25 kwa tanuri hili. Ukiwa mrefu joto linatoroka. Ukiwa mfupi moto unakosa hewa na moshi unakurudia usoni. Upana 35 unatosha sufuria nyingi. Toa mchanga taratibu kwa mkono hadi ufikie gazeti.

Juu yake paka tabaka la pili, sentimita 10 za maranda na tope jepesi, bila mchanga. Hili ni blanketi tu, halibebi kitu. Mwisho lipu ya udongo, mchanga laini na kinyesi cha ng'ombe, ile ya nyumba za mashambani.

Kukausha na kuwasha

Liache kivulini wiki moja mlango ukiwa wazi, kisha washa moto wa vijiti, mdogo, kila siku. Utaona mvuke ukitoka ukutani. Ukiisha, ongeza kuni. Jenga kibanda cha mabati mapema, mita moja juu ya kuba, kwa sababu udongo wa nje haujachomwa ukawa kama chungu: mvua itaurudisha shambani.

Kuni ziwe kavu kabisa: muwati, mgrivea, mkaratusi. Mbao za mjengo zilizopakwa rangi au dawa, na vipande vya nguzo za umeme, haviingii kwenye chakula.

Siku ya kuoka, koka moto katikati kwa saa mbili hivi. Kuba litakuwa jeusi kwa masizi, kisha utaona doa jeupe likianza juu kabisa na kuteremka ubavuni, masizi yakiungua yenyewe. Likifika chini, limeiva. Kwa pizza, sukuma makaa pembeni na uweke. Kwa mkate, toa makaa yote, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, funga mlango nusu saa joto lisambae, halafu rusha unga kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia polepole, ingiza mkate.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Syokimau, kwangu ni udongo mweusi mtupu. Niache?*
Usiache, dada. Nunua udongo mwekundu, pikapu moja inabaki. Kazi kubwa ni msingi: chimba mpaka uupite weusi wote, ufike murram au mwamba, ujaze mawe na murram na kushindilia.

*Tunaweza kuliweka juu ya flati? Landilodi hana shida.*
Yeye hana shida kwa sababu hajapiga hesabu. Kizimba na kuba vinapita tani moja kwa urahisi, na zege la juu halikupimwa kwa mzigo huo. Halafu kuna nguo za wapangaji kwenye kamba. Mpangaji anafaa awe na jiko la pipa, analohama nalo.

*Fundi, ufa umetoka mlangoni ukapanda hadi juu. Nimeharibu?*
Ukiwa mwembamba, hapana. Hufunguka tanuri likipata moto na kujifunga likipoa. Ukipitisha kidole, loweka kingo, jaza mchanganyiko uleule. Narudia kwa wale wa nyuma: si simiti.

*Mimi ni mama mkate, nauza kioski. Hamira niweke kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti?*
Mama, punguza kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa joto lilelile unga huumuka haraka kuliko kwenye usawa wa bahari. Usipouwahi utaumuka mpaka uanguke. Na kwa kuuza, kibali cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula viwe tayari kabla ya tanuri.

*Joto linalobaki usiku tulifanyie nini?*
Viazi vitamu na nduma na maganda yake, moja kwa moja sakafuni. Githeri pia, lakini maharagwe yachemke kwanza jikoni, yatokote dakika kumi na zaidi, kwa sababu joto la polepole peke yake haliondoi sumu ya maharagwe mekundu. Kisha chungu kiingie na mfuniko, mlango ufungwe, ufungue asubuhi.