Losheni ya jua: inunue supamaketi kabla ya safari

Kwa mlio Ulaya mnaojiandaa na likizo ya ufukweni, iwe Uhispania au nyumbani Mombasa: msisubiri kununua losheni ya jua kwenye duka la hoteli. Nunueni mapema ile yenye chapa ya supamaketi yenyewe, kama Cien ya Lidl au Lacura ya Aldi. Urembo wa chupa achaneni nao. Tazameni vitu viwili tu: SPF (namba ya kinga dhidi ya kuungua na jua) ya 30 au zaidi, na herufi UVA (miale ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi) ndani ya duara. Duara hilo lina maana kwamba kinga ya UVA inafikia angalau theluthi moja ya SPF iliyoandikwa, na kigezo ni kilekile kwa chupa ya bei chee na ya bei mbaya.

Unafuu una faida nyingine: hutaibania. SPF hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, yaani kama mililita 35 kwa mwili wa mtu mzima. Chupa ya mililita 200 haifikishi hata mipako sita, na inabidi kurudia kila baada ya saa mbili na ukitoka majini. Mwenye losheni ghali hupaka kijitone (nimekuwa mmoja wao).

Mbinu hii inagoma ukisafiri na begi la mkononi tu, maana viwanja vingi vya ndege bado vinakataa chupa inayozidi mililita 100. Hapo nunua ukifika, supamaketi ya mjini, si kibanda cha ufukweni. Ya mwaka jana? Angalia alama ya kikopo kilichofunguliwa: 12M ni miezi 12 tangu uifungue.