Jinsi ya Kuandika Historia ya Jukwaa la Kiangazi Bustanini

Jukwaa la wazi ni nadra kuwa na hifadhi yake ya nyaraka. Hufanya kazi miezi michache kwa mwaka, msimu ukiisha ofisi hufungwa, na makaratasi huondoka na meneja aliyekuwa nayo. Sehemu kubwa ya historia yake iko kwenye majalada ya watu wengine. Kazi yako ni kujua ni majalada gani.

Anza na swali la mwaka wa kuanzishwa, maana ndilo linaloharibu historia nyingi. Usitafute mwaka mmoja. Tafuta minne: onyesho la kwanza mahali pale, kuundwa kwa kikundi, msimu kamili wa kwanza, na ujenzi wa ukumbi wa kudumu. Kwa ukumbi wa Delacorte ulio Central Park, New York, mtayarishaji wa tamthilia Joseph Papp aliunda kikundi chake mwaka 1954, kikaanza kucheza bure ndani ya bustani hiyo mwaka 1957, na ukumbi wenyewe ukafunguliwa 1962. Pale Forest Park, St. Louis, tamthilia ya Shakespeare ilichezwa katikati ya mialoni miwili mwaka 1916, opera ya Aida ikafuata 1917, lakini msimu wa kwanza wa Muny, ukumbi wa wazi wa hapo, ni wa 1919. Jukwaa la wazi la Regent's Park, London, lilianza 1932, ila ukumbi wake wa kudumu ni wa 1975. Mwandishi akisema tu "ulianzishwa mwaka fulani" bila kutaja nini hasa kilianza, vyanzo vyake vitaonekana vinapingana wakati kila kimoja kinasema kweli.

Hatua ya pili ni idara ya bustani. Wengi hukimbilia magazeti na kusahau kwamba mwenye ardhi ndiye aliyetoa vibali, akapokea malalamiko na kuandika mihtasari ya vikao. Omba majalada ya vibali, taa, kelele, vyoo na nyasi. Ndiyo, nyasi. Mwaka 1959 Robert Moses, kamishna wa bustani za New York, alimtaka Papp atoze kiingilio ili kugharimia uharibifu wa nyasi. Papp alikataa, shauri likafika mahakamani, na mahakama ya rufaa ikampa haki. Bila ushindi huo, ukumbi wa bure uliofunguliwa miaka mitatu baadaye ungekuwa na historia nyingine kabisa. Mgogoro wa namna hiyo hauonekani kwenye bango wala kwenye programu ya onyesho, ila kwenye barua za ofisini utauona.

Sasa tengeneza jedwali, mstari mmoja kwa kila usiku wa onyesho. Safu zinazotosha ni tarehe, siku ya juma, onyesho, mwongozaji, chanzo, na moja ambayo watu huiacha: je, lilifanyika kweli? Programu huchapwa kabla ya msimu, kwa hiyo hueleza nia tu. Mvua ikinyesha usiku ule, onyesho lilikatishwa au likaahirishwa na programu haikubadilika. Linganisha kila tarehe na gazeti la kesho yake, kisha na rekodi za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Hata rekodi ya mvua peke yake haitoshi, kwani huweza kunyesha mchana na jioni pakawa pakavu. Vyanzo vikikosekana, andika "haijathibitishwa" na uache hivyo.

Mabango mengi yana siku na mwezi bila mwaka. Hapa kalenda husaidia sana. Delacorte ulifunguliwa Jumatatu, 18 Juni. Kati ya 1955 na 1975, siku hiyo iliangukia Jumatatu mwaka 1956, 1962 na 1973, basi ukishajua kuwa mwaka 1956 ukumbi haukuwepo, umebaki na miaka miwili tu ya kuchunguza. Majina ya waigizaji yatamaliza kazi.

Picha zichanganue kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, kwa sababu mhuri wa studio uko nyuma. Namba iandike kwa penseli laini ukingoni mwa mgongo wa picha. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Kupanga picha kwa miaka, tazama vitu visivyohamahama ovyo: nguzo za taa, ukuta wa nyuma, mabenchi yaliyobadilishwa kuwa viti. Miti pia hukua, lakini hukatwa matawi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Mahojiano yafanye baada ya jedwali, si kabla. Saa moja au moja na nusu inatosha kwa kikao kimoja. Usimuulize fundi wa taa ni mwaka gani jambo lilitokea. Mwekee picha mezani umuulize nyaya zilipita wapi, au mvua ilipoanza nani aliamua kusimamisha onyesho. Watu huunganisha misimu miwili kuwa mmoja bila kujua, lakini mahali swichi ilipokuwa hawapasahau.

Idadi ya viti itaje pamoja na mwaka wake. Mabenchi hubana watu wengi kuliko viti, na kila ukarabati hubadilisha hesabu.