Saa ya taa za Nixie inayohesabu kwa Kiswahili: somo kutoka Moshi

Taa za Nixie zilianza kuuzwa na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955. Ndani ya kioo kimoja mna tarakimu kumi za waya, zimepangwa moja nyuma ya nyingine katika gesi ya neoni, na ile inayopewa umeme huvikwa mwanga wa rangi ya kaa la moto. Nimetengeneza saa tatu za aina hii hapa Moshi. Ninayoipenda zaidi ni ya tatu, kwa kuwa saa moja asubuhi huonyesha 01:00, kama mama yangu anavyoitamka, badala ya 07:00.

Hatua ya 1: taa. Mimi nilitumia taa za aina ya IN-14 zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti, nikaziagiza kwa posta kutoka Ukraine. Saa inahitaji nne, lakini agiza tano, maana kioo husafiri kwa shida. Ukiona tarakimu 5 inafanana na 2 iliyopinduliwa, usidhani umeuziwa mbovu. Ndivyo kiwanda kilivyoitengeneza.

Hatua ya 2: umeme mkubwa. Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Adapta ya volti 12 huingia kwenye saketi ya kupandisha volti, ambayo mimi niliijenga kwa chipu ya MC34063, koili, transista, dayodi ya kasi na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya volti 250, na kutoka humo hupatikana volti 170 za mkondo mnyoofu. Volti hizo zinaweza kuua. Siku moja nilichomoa adapta, nikaamini hakuna umeme tena, nikaigusa kapasita. Mkono wote ulikufa ganzi hadi begani. Tangu hapo naunganisha rezista ya kiloomu 470 sambamba na kapasita ili chaji imwagike yenyewe, nasubiri nusu dakika, kisha napima kwa mita kabla ya kidole kufika. Rekebisha volti 170 kwanza, ndipo uunganishe taa.

Hatua ya 3: rezista ya kila taa. Taa huhitaji takriban volti 170 ili iwake, lakini ikishawaka hujishikilia kwenye volti 140 hivi. Volti 30 zinazobaki lazima zimezwe na rezista, na kwa kuwa IN-14 hutaka miliampea 2.5, hesabu inatoa kiloomu 12. Bila rezista mkondo hupanda bila kizuizi na taa huharibika.

Hatua ya 4: ubongo wa saa. Kila taa huongozwa na chipu moja ya K155ID1, ambayo hupokea namba kwa waya nne na kuchagua tarakimu ya kuwasha. Chipu mbili za 74HC595 hubeba waya hizo 16, ili Arduino Nano, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu ya saa, itumie waya tatu tu. Majira hutunzwa na DS3231 yenye betri yake ya kidonge, kwa hiyo umeme ukikatika usiku kucha saa haipotezi kitu, na kosa lake ni kama dakika moja kwa mwaka.

Hatua ya 5: kuhesabu kwa Kiswahili. Iache DS3231 ihesabu saa 24 kama kawaida. Wakati wa kuonyesha, ongeza 6 kwenye saa, gawanya kwa 12, uchukue baki. Baki likiwa 0, onyesha 12. Saa 13 inatoa baki 7, yaani saa saba mchana.

Kisanduku nilichonga kwa mbao ya mringaringa, nikatoboa matundu ya hewa nyuma.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo fundi. Mgeni akiingia sebuleni asubuhi akaona 02:15, hatadhani saa imeharibika?*

Marahaba. Wengine hushangaa, kwa kuwa tumezoea saa za ukutani ambazo mshale hukaa kwenye 8 nasi tunasema saa mbili. Kama una wasiwasi, weka swichi ndogo nyuma, programu iruke ile hesabu ya 6. Mimi sikuiweka.

*Taa yangu ya kwanza kushoto imeanza kuwaka vipande vipande kila nikijaribu tarakimu 7. Imekwisha?*

Huenda bado. Taa hiyo huonyesha 0 na 1 peke yake, basi chembe za chuma zinazorushwa na tarakimu zinazowaka hutua juu ya zile zisizofanya kazi na kuzifunika. Iwashe 7 mfululizo kwa saa kadhaa, na mara nyingi itajisafisha. Kisha andika programu izungushe tarakimu zote kumi kila siku saa tisa usiku, kwa dakika 10.

*Huku kwetu pembezoni mwa Arusha tunatumia sola. Betri ya volti 12 itaiweza?*

Itaiweza vizuri, kaka. Saa yangu hutumia wati 4 hivi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 7, ukitumia nusu tu ya chaji yake ili isichoke mapema, inaiendesha karibu saa 10. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, upande wa chanya, kabla ya kitu kingine chochote.