Sentensi za "if": namna ya kuacha kuweka "would" pande zote mbili

Juzi nilikaa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne, insha yake ya Kiingereza imerudi imejaa wino mwekundu, kumbe kosa ni moja tu limejirudia ukurasa mzima: "If I would have money, I would build a school." Hili kosa wengi tunalo na wala sio uvivu, linatoka kwenye Kiswahili chetu.

Hatua ya 1. Sema sentensi kwa Kiswahili kwanza, angalia kitenzi. Ukikuta -ki-, upande wa if weka wakati uliopo, upande wa pili will. Mvua ikinyesha tutabaki nyumbani: "If it rains, we will stay at home." Basi, twende.

Hatua ya 2. Hapa ndo penyewe, usiruke. Sisi -nge- tunaiweka pande zote, ningekuwa na hela ningejenga shule, ukihamisha hivyo hivyo unapata would mbili. Kiingereza kinaitaka upande wa matokeo tu, ule wa if kitenzi kinarudi wakati uliopita: "If I had money, I would build a school." Binti akagoma, "Mamdogo, had si ya zamani, na mimi hela sina sasa hivi?" Swali zuri sana hilo. Hiyo had haielezi jana, inaonyesha kwamba jambo halipo. Nikamwambia zungushia if duara kwa penseli, kuanzia hapo mpaka kwenye koma would isiingie. Tumeandika sentensi kumi, ya saba ndo mkono ukaacha wenyewe. Mimi naamini penseli kuliko yale majedwali ya vitabuni yanayogawa sentensi za if kwa namba, taipu 1, taipu 2, mtoto anakariri namba halafu sentensi haitoki.

Angalieni na haya: kwenye "If I'd known, I'd have come" 'd ya kwanza ni had, ya pili ni would, kwa hiyo kwenye insha andika maneno kamili. "If I were you" iache na were hivyo hivyo. Na ukikutana na "If you would wait here" usishangae, lile ni ombi la heshima, ila kwenye mtihani achana nalo.

Hatua ya 3. Shuleni tunafundishwa -ngali- ndo ya yaliyopita, ila mtaani tunasema "ungeniambia jana ningekuja", kwa hiyo -nge- itakupoteza. Jiulize, limeshapita? Kama ndio, weka had na ile safu ya tatu ya go, went, gone: "If you had told me yesterday, I would have come." Wakikwambia uanze na Had, if inatoka kabisa: "Had you told me yesterday, I would have come."

Hatua ya 4. Usiposoma utafeli: "Unless you study, you will fail." Unless tayari imebeba ukanushi, ukiongeza don't maana inageuka.

Hatua ya 5. If ikianza, weka koma. Ikikaa katikati, usiweke.

Hatua ya 6, ya insha hasa. Sababu ikiwa ya zamani na matokeo ya leo, changanya: had upande wa if, would peke yake upande wa pili. Binti aliandika mwenyewe, "If my grandmother had gone to school, she would not need me to read her messages today." Sikugusa hata herufi.